Skripti Iliyosema Tayari

Kuna sentensi moja inayosemwa kwa upole sana katika korido za idara yetu, na mimi nimeanza kuichukia. “Hayo ni mambo ya mafundi.” Unaisikia ukiuliza kwa nini kompyuta za maabara zina toleo hili la programu na si lile. Unaisikia ukikutwa umekaa mbele ya terminali nyeusi badala ya kusoma makala. Anayeisema huwa anakuhurumia: wewe ni mtu wa isimu, una tasnifu ya kuandika, usijichoshe. Huruma hiyo ndiyo iliyonifanya niandike uongo katika sura ya nne, na kidogo tu imrudishe mwenzangu Lushoto kurekodi upya wazee waliokwisha kuchoka na vinasa sauti vyetu.

Nieleze tulivyofika hapo. Mimi na mwenzangu mmoja wa darasa letu la uzamili tunachunguza toni za Kisambaa. Kifaa chetu kikuu ni Praat, programu ya kuchambua sauti iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Jina lake ni neno la Kiholanzi linalohusu kuongea. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukiifungulia rekodi inakuchorea mstari wa buluu unaopanda na kushuka kadiri sauti ya msemaji inavyopanda na kushuka. Mstari huo ndio ugali wetu. Tunaupima, tunaupanga kwenye majedwali, tunaujengea hoja. Yeye anachunguza kiimbo cha maswali. Mimi nachunguza kinachotokea kwa toni ya chini mtu anapofika mwisho wa kauli.

Kompyuta sita za maabara yetu zinatumia Debian 12, iliyotoka Juni 2023. Debian ina ahadi ambayo watu wengi huidhania uvivu: toleo lake thabiti likishatoka, programu zilizomo hubaki palepale, zikipewa viraka vya usalama na marekebisho ya makosa mazito tu. Praat 6.4 ilitoka Novemba mwaka huohuo, miezi mitano baadaye, kwa hiyo ikabaki nje. Na 6.4 haikuja kubadilisha rangi za vitufe. Ilikuja na njia mpya ya kutafuta masafa ya sauti, na dirisha lake la kuhariri huanza kutafuta kwenye hezi 50, wakati lile la zamani, usipoligusa, lilianzia hezi 75. Kwa sauti ya msichana tofauti hiyo haina uzito. Kwa sauti ya mzee wa kiume anayemalizia sentensi kwa kukwaruza koo, mambo yote yako hapo katikati ya 50 na 75.

Msimamizi wetu akataka tuhamie 6.4. Kazi ya kuiweka ikaniangukia mimi, kwa sababu niliwahi kuonekana nikiandika amri kwenye terminali, na kwa idara yetu hiyo inatosha kukupa cheo.

Kulikuwa na skripti. Kaka mmoja aliyemaliza kabla yetu aliiacha kwenye folda ya maabara, mistari 43. Ilikuwa inapakua msimbo wa Praat, inaujenga uwe programu, inaiweka programu hiyo ndani ya folda iliyopangwa kama Linux inavyopanga vitu vyake, kisha inaifunga folda nzima iwe kifurushi cha Debian. Uzuri wa kifurushi ni kwamba unajenga mara moja, unabeba kwenye flashi, unasakinisha kwenye mashine zote sita bila kula bando la mtu, na kila mashine inaandika kwenye daftari lake: ninayo Praat, toleo fulani. Siku ukitaka kuiondoa, mashine inajua faili zipi za kufuta.

Mstari wa nne ulikuwa na namba ya toleo, 6.3 na mkia wake. Nikaifuta, nikaandika namba ya 6.4. Sikusoma mstari wa tano. Nikaendesha skripti, maandishi yakapita mbio kwenye kioo, na baada ya dakika mbili hivi ikaandika neno lake la mwisho: “Tayari!” Kwenye folda kulikuwa na kifurushi kipya, jina lake lina 6.4 ndani. Nikazunguka na flashi mashine zote sita. Nikaiuliza moja moja kwa amri ya dpkg ina toleo gani, zote zikajibu 6.4. Jioni ile nikaandika kwenye sura ya mbinu kwamba vipimo vyote vimefanywa kwa Praat 6.4, nikajisikia mtu makini.

Zile dakika mbili zilipaswa kunishtua. Kuijenga Praat kwenye mashine kama zile huchukua karibu saa nzima.

Miezi miwili baadaye tukaweka michoro yetu juu ya meza ya msimamizi. Wazee walikuwa walewale, ila kila mtu alirekodi kwa siku yake: mimi nje, chini ya mparachichi, yeye sebuleni kwa sababu siku zake mvua ilinyesha. Kwenye michoro yangu mstari ulikatika kila mzee alipofika mwisho wa kauli. Kwenye michoro yake ulishuka taratibu hadi karibu na hezi 55 ndipo ukaisha. Mimi nilikuwa nimeshajenga sura nzima juu ya kule kukatika. Nilikuwa nasema kwamba toni ya chini ya mwisho huacha kuwa toni, hupotea, hubaki pumzi tu. Nilikuwa na jina zuri la jambo hilo na nilikuwa naota kulipeleka kwenye kongamano.

Dokta aliitazama michoro ile miwili kwa muda. Akauliza nyumba ile ina umeme. Ndiyo, ina umeme. Basi, akasema, umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na kinasa sauti kikiwa karibu na waya hunasa mvumo wake. Huenda huo mstari wa chini si sauti ya mzee, ni mvumo wa ukuta. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili na lilinifaa mno. Mwenzangu akasema, “Lakini mimi nimesikiliza, Dokta, namsikia Babu kabisa.” Mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, “Dada, sikio huzoea.” Akaambiwa ajipange kurudi Lushoto likizo ya Krismasi akarekodi upya, nje.

Hakulia wala hakubishana. Alikwenda bwenini akafungua rekodi yangu mimi, ile ya chini ya mparachichi, mbali na waya wowote, kwenye laptopu yake. Mstari haukukatika. Kesho yake akaja maabara na laptopu kwapani, akaifungua rekodi ileile kwenye mashine ya maabara, mstari ukakatika. Akabofya mahali ambapo mimi katika miezi yote ile sikuwahi kubofya, dirisha dogo linalotaja waandishi wa programu na toleo lake. Laptopu yake: 6.4. Mashine ya maabara: 6.3. Kisha akaniomba niandike ile amri yangu ya dpkg ninayojivunia. Mashine ileile ikajibu 6.4.

“Kaka,” akasema, “hiki kifurushi umekipika mwenyewe, si ndiyo?”

Laptopu yake haikuwa na kifurushi chochote. Alikuwa amepakua faili iliyo tayari kutoka kwa watengenezaji wa Praat na kuiweka juu ya meza ya kompyuta yake, kama watu wa kawaida wanavyofanya, na mimi niliwahi kumcheka kwa hilo.

Sasa ndipo nikasoma mstari wa tano, na wa sita, na yote 43. Hifadhi ya msimbo wa Praat ilikuwa imebadilishwa jina tangu kaka yetu alipoandika skripti, kwa hiyo folda iliyofunguka baada ya kupakua haikuwa na jina ambalo skripti ililitarajia. Amri ya kuingia kwenye folda ikashindwa. Skripti ikaendelea. Ikatafuta faili ya mpangilio wa ujenzi, haikuipata, na hata ingekuwa ndani ya folda sahihi isingeipata, maana jina la faili hiyo nalo lilikuwa limeongezewa mkia. Ikaendelea. Ikaita make, make ikasema haina cha kujenga. Ikaendelea. Ikajaribu kunakili programu mpya ambayo haipo, ikashindwa, ikaendelea. Kisha ikafika kwenye folda ya kufungia kifurushi, na humo ikaikuta Praat ya zamani iliyobaki tangu safari iliyopita, imetulia. Ikaifunga hiyo. Ikabandika juu namba niliyoiandika kwa mkono wangu. Ikasema “Tayari!”

Makosa yote manne yaliandikwa kwenye kioo, kila moja na mstari wake. Yalipita mbele ya macho yangu.

Ganda la Linux limeumbwa hivyo. Amri moja ikishindwa linaenda kwenye inayofuata, isipokuwa umelikataza. Katazo lenyewe ni mstari mmoja unaowekwa juu kabisa, set -e, maana yake simama pale unaposhindwa. Herufi chache mno. Kaka yetu hakuziweka, na simlaumu. Aliandika skripti ya safari moja na kwa safari yake ilifanya kazi. Mimi ndiye niliyeichukulia kama kitufe.

Hapo ndipo ugomvi wangu na ile sentensi ya korido unapoanzia. Mwongozo wa tasnifu wa idara yetu una kurasa kadhaa kuhusu pambizo. Upande wa kushoto uwe mpana kuliko wa kulia kwa sababu ya jalada. Marejeo yapangwe hivi, nukta ikae hapa, mkato pale. Nimeona tasnifu ikirudishwa kwa sababu namba za kurasa za utangulizi hazikuwa za Kirumi. Katika mwongozo huohuo hakuna hata sentensi moja inayomtaka mwanafunzi aonyeshe programu iliyompa namba zake ilifikaje kwenye mashine, ni toleo gani kwa ushahidi gani, na imepangwaje. Unaandika tu “Praat 6.4” na watahiniwa wote mnaaminiwa. Tunakagua mkato ndani ya marejeo kwa sababu tunaujua mkato. Kifurushi hatukijui, basi tumeamua hakiwezi kukosea.

Ninajua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nilikuwa nikiyatoa mimi.

La kwanza ni kwamba si kila mtu awe mwandishi wa programu. Nakubali kabisa. Praat imeandikwa kwa C na C++, lugha ambazo siwezi kuandika ndani yake hata salamu, na sikugusa mstari mmoja wa Praat yenyewe. Ninazungumzia kurasa mbili za maelekezo yaliyoandikwa kwa amri ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzitafuta moja moja: pakua, fungua, ingia, jenga, nakili, funga. Mtu anayesoma fonolojia ya kizalishi, na alama zake zote zile, akiniambia hawezi kusoma mistari 43 ya namna hiyo, ananidanganya. Hajaambiwa kwamba ni kazi yake, basi.

La pili ni zito zaidi, na mwenzangu ndiye ushahidi wake: kwa nini usipakue faili iliyo tayari, kama yeye? Kwa mtu mmoja na laptopu moja, pakua. Yeye alikuwa sahihi na mimi mwenye kifurushi changu cha kifahari nilikuwa nimekosea. Lakini maabara ni watu kumi na zaidi wanaopokezana mashine. Faili zilizo tayari zilishawahi kujaa kwenye maabara yetu, nne kwenye folda za watu tofauti, kila moja na umri wake, na hakuna aliyejua jedwali lipi lilitoka wapi. Kifurushi kilikusudiwa kuondoa fujo hiyo. Kifurushi kinachodanganya ni kibaya kuliko fujo, kwa kuwa fujo angalau inakutia wasiwasi.

Na kuna wale watakaosema tatizo ni hamu ya vipya, kwamba ningebaki na 6.3 ya Debian ningekuwa salama. Sina dharau na hoja hiyo. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi anayeitwa Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu kila Linux, kuna mlango wa siri uliopandikizwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kulichelewa karibu nusu sekunde. Waliokimbilia matoleo mapya kabisa ndio waliokuwa hatarini. Debian thabiti, ile inayoitwa ya kizamani, haikuguswa. Lakini angalieni ulipofichwa mlango wenyewe. Sehemu muhimu ya hila ile ilikuwa kwenye vifungashio vya kupakua, ndani ya hatua za ujenzi, na haikuwa kwenye hifadhi ya msimbo ambako watu huangalia. Aliyeupanda alijua mahali ambapo hakuna anayesoma. Na upande wa pili, Debian yenyewe mwaka 2006 ilirekebisha kifurushi chake cha OpenSSL ili kunyamazisha lalamiko la chombo cha ukaguzi, na kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, mashine zake zikawa zinatengeneza funguo za siri zinazoweza kukisiwa. Hapo palikuwa na mtu aliyesoma, akagusa, akakosea. Kwa hiyo sisemi kwamba ukisoma utakuwa salama. Nasema namba za 6.3 hazikuwa za uongo na namba za 6.4 si ufunuo; uongo ulikuwa kwenye sentensi yangu ya mbinu, na ungekuwa uongo hata kama ningeandika 6.3 bila kuhakikisha.

(Ndiyo, ningeweza pia kubadilisha kile kiwango cha hezi 75 kwa mkono kwenye toleo la zamani. Kila kitabu cha fonetiki kinashauri ulinganishe mpangilio na sauti ya msemaji. Sikufanya kwa sababu niliamini niko kwenye toleo lisilohitaji. Ndivyo uzembe mmoja unavyouzaa mwingine.)

Nilikaa na skripti ile siku nne. Siku ya kwanza niliweka lile katazo juu kabisa na kuiendesha bila kubadilisha kitu kingine, ili tu nione itasimama wapi. Ilisimama mstari wa tisa, ikakataa kwenda. Sijawahi kufurahia kushindwa kwa namna ile. Namba ya toleo ilikuwa imeandikwa sehemu tatu. Nikaiacha moja na zile nyingine zikawa zinaisoma kutoka hapo. Nikaielekeza ifungulie msimbo ndani ya folda ninayoitaja mimi, ili watu wa Amsterdam wakibadilisha majina tena isitusumbue. Nikarekebisha jina la faili ya mpangilio. Nikaongeza ukaguzi wa alama ya sha256 ya kilichopakuliwa. Folda ya kufungia sasa inafutwa kabla ya kila ujenzi. Kama hakuna kipya, basi hakuna kitu. Siku ya tatu umeme ulikatika ujenzi ukiwa umebakiza kidogo, nikaanza upya kesho yake.

Mstari ninaoupenda kuliko yote uko karibu na mwisho. Kabla ya kufunga, skripti inaiamsha Praat iliyojengwa muda huohuo, inaiuliza wewe ni toleo gani, na jibu lisipolingana na namba iliyoandikwa juu, inakataa kufunga kifurushi. Ni mwenzangu aliyeuomba. Alisema, “Isijibu karatasi. Ijibu yenyewe.” Ujenzi ulichukua dakika 52. Kifurushi kipya nimekipa kiambishi -2 baada ya namba ya toleo, ili mtu akikuta mashine ajue kama ina 6.4 ya kweli au ile yangu ya kwanza.

Kisha nikapima upya rekodi zote. Mistari ilishuka, ikapita 70, ikapita 60, ikaendelea. Toni yangu iliyopotea haikuwa imepotea. Mzee alikuwa anaisema wakati wote, chini kidogo ya pale nilipokuwa naangalia. Sura ya nne nimeifuta. Ile iliyoandikwa upya ni fupi na haina jina la kupeleka kongamano. Nilimwandikia Dokta barua pepe ndefu nikieleza kila hatua, na nikaenda kumwomba mwenzangu radhi ana kwa ana. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama Babu wa Lushoto ameshaambiwa kwamba hatutamsumbua likizo. Alikuwa hajaambiwa. Tukampigia palepale, tukamwamkia, akacheka kwamba alishaanza kukohoa koo liwe tayari.

Skripti yenyewe nimeiweka kama kiambatisho cha tasnifu, pamoja na alama za sha256 na majibu ya mashine zote sita. Ofisi imekirudisha kiambatisho kikiwa na duara la kalamu nyekundu na maneno mawili, “si lazima”, na chini yake maelezo kwamba pambizo ya kushoto ya ukurasa huo ni nyembamba. Nimepanua pambizo. Kiambatisho nimekirudisha.